Kiungo cha Taya Baada ya Upasuaji: Mlio Usikutishe, Meno Usiyapuuze

Mwezi Aprili nilikuwa nyumbani Ngonga, wilayani Kyela, kwa likizo fupi. Masika yalikuwa yameshika, na wenye kakao walivizia saa chache za jua ili waanike punje zao. Jioni moja mama wa jirani alikuja na binti yake mwenye umri wa miaka 23. Baada ya shikamoo na marahaba, mama hakuzunguka. "Daktari," alisema, "chuma cha huyu kimelegea."

Binti huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kurekebisha taya la chini miezi saba kabla. Tangu alipobalehe, taya hilo lilitangulia mbele kuliko la juu. Meno ya mbele hayakukutana ipasavyo, na kula mbele za watu kulimwia vigumu. Upasuaji ulilirudisha taya nyuma, naye akaanza kula kama wenzake. Lakini sasa kila alipopiga miayo alisikia "tak" mbele ya sikio la kulia. Majirani walimwambia kwamba mfupa umechomoka. Mhudumu wa zahanati alimsikiliza kwa makini, ila hakuwa na hakika kama mlio ule ni hatari au la. Familia ilikwisha kutenga fedha ya mauzo ya kakao kwa nauli ya kurudi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900 kwa basi.

Swali lao lilikuwa la haki: je, kiungo cha taya husogea baada ya upasuaji? Jibu la kweli ni kwamba ndiyo, mara nyingi husogea kidogo. Linalopasa kujulikana ni kusogea kupi ni kwa kawaida na kupi ni dalili ya hatari. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, ili mgonjwa na mhudumu wa afya aliye mbali na mpasuaji waweze kuitambua.

Kiungo kilivyo

Weka ncha za vidole viwili mbele kidogo ya masikio yako, kisha fungua na kufunga kinywa. Kitu unachokihisi kikitembea chini ya ngozi ni kichwa cha taya, yaani ncha ya juu ya mfupa wa taya la chini. Kichwa hiki hukaa katika kishimo kilicho kwenye mfupa wa panja. Kati ya mifupa hiyo miwili kuna kisahani chembamba cha gegedu, na ute unaolainisha mwendo.

Kiungo hiki kina mambo mawili yanayokitofautisha na viungo vingine. La kwanza, hufanya miendo miwili. Mwanzoni mwa kufungua kinywa, kichwa cha taya huzunguka mahali pake kama bawaba ya mlango. Kinywa kinapozidi kupanuka, kichwa huteleza mbele pamoja na kisahani chake. La pili, kiungo cha kulia na cha kushoto vimefungwa katika mfupa mmoja. Haiwezekani kimoja kisogee bila kingine kuathirika, na haiwezekani viwili hivyo visogee bila namna meno yanavyokutana kubadilika. Jambo hili la mwisho ndilo msingi wa makala nzima.

Upasuaji unavyofanyika

Si kila aliye na meno au taya lisilolingana huhitaji kisu. Mtaya na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliwachunguza watoto wa shule 1,601 wenye umri wa miaka 12 hadi 14 katika Kinondoni na Temeke. Takriban 64 kwa mia walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio au mkutano wa meno. Kasoro nyingi za namna hiyo ni ndogo. Nyingine hurekebishwa kwa nyaya za meno. Upasuaji huwahusu wachache, wale ambao tatizo lao liko katika mfupa wenyewe na ambao ukuaji wao umekwisha.

Historia ya tiba hii ni ndefu. Mwaka 1849 daktari wa Marekani, Simon Hullihen, alieleza upasuaji wa kurekebisha taya la chini la mwanamke kijana aliyeharibiwa shingo na uso kwa moto. Njia inayotumika zaidi leo ilienezwa na Richard Trauner na Hugo Obwegeser katika maandishi yao ya mwaka 1957, ikaboreshwa na Dal Pont mwaka 1961 na wengine baadaye. Kwa njia hiyo, mpasuaji huingia kupitia ndani ya kinywa, bila kuacha kovu usoni. Hupasua mfupa wa taya kwa urefu, upande wa kulia na wa kushoto, kama mtu anayetenganisha mbao mbili zilizogandana. Hivyo hupatikana vipande vitatu: kimoja cha mbele chenye meno, na viwili vya nyuma, kila kimoja kikiwa na kichwa cha taya. Kipande cha mbele husogezwa mbele, nyuma au upande kwa kadiri iliyopangwa, kisha vipande hufungwa kwa vibamba na skrubu za titani.

Zamani, kabla ya skrubu kuenea, mgonjwa alifungwa meno ya juu na ya chini kwa waya kwa muda wa wiki sita hivi. Leo wengi hufungua kinywa mapema zaidi. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini ina masharti yake: skrubu huushika mfupa pale pale ulipowekwa. Ikiwa kichwa cha taya hakikukaa vizuri wakati wa kufunga, kosa hilo hufungwa pamoja nacho.

Kwa nini kichwa cha taya husogea

Sababu ya kwanza ni hali ya mgonjwa mezani. Amelala chali, amepewa dawa ya usingizi, na misuli yake imelegezwa. Misuli inayokishika kichwa cha taya anapokuwa macho na wima sasa haifanyi kazi. Kichwa huweza kushuka au kurudi nyuma katika kishimo chake. Mpasuaji hukiongoza kwa mkono hadi mahali panapofaa, lakini jicho haliwezi kuona ndani ya kiungo. Hutegemea mguso na uzoefu.

Sababu ya pili ni umbo la vipande vyenyewe. Nyuso mbili za mfupa uliopasuliwa zikisogezwa, hazilali tena sawasawa kama awali. Skrubu zikikazwa kwa nguvu ili kuziba mwanya, kipande cha nyuma hupinda kidogo, na kichwa cha taya huzunguka pamoja nacho.

Sababu ya tatu ni uvimbe na damu kidogo ndani ya kiungo katika siku za mwanzo. Maji hayo hukisukuma kichwa chini kwa muda, na uvimbe unapopungua, kichwa hupanda tena.

Sababu ya nne ni mvuto wa misuli na ngozi. Taya linapovutwa mbele, misuli na tishu za shingo hunyooka na kulivuta nyuma. Mzigo huo hufika katika kiungo. Taya linaporudishwa nyuma, kipande chenye kichwa cha taya huweza kusukumwa pamoja nalo. Misuli inapokirejesha mahali pake pa asili, kidevu husogea mbele kidogo.

Kiasi gani, na nini hufuata

Kwa wagonjwa walio wengi, mabadiliko haya ni madogo, aghalabu chini ya milimita 2, na huonekana kwa vipimo vya picha kuliko kwa jicho. Mwili nao haukai bure. Mfupa wa kichwa cha taya na kuta za kishimo hujijenga upya taratibu: sehemu inayobanwa hupunguzwa, na isiyoguswa huongezwa. Kisahani cha gegedu na misuli huzoea urefu mpya. Mahali mfupa ulipopasuliwa hushikana vya kutosha katika wiki sita hivi, lakini kazi hii ya kujirekebisha huendelea kwa miezi, hata kufikia mwaka mmoja na zaidi.

Katika kipindi hicho mgonjwa huweza kusikia mlio, kuhisi ukakamavu asubuhi, au kuchoka misuli anapotafuna. Mlio hutokea pale kisahani kinapopishana na kichwa cha taya katika mwendo. Watu wengi ambao hawajawahi kupasuliwa wana mlio kama huo, na wanaishi nao maisha yao yote bila madhara. Kwa hiyo mlio usio na maumivu, kinywa kikiwa kinafunguka vizuri na meno yakikutana kama yalivyokutana siku ya kuruhusiwa, hauhitaji upasuaji mwingine. Unahitaji kuangaliwa tu.

Vivyo hivyo ganzi ya mdomo wa chini na kidevu. Neva inayopeleka hisia huko hupita ndani ya mfupa unaopasuliwa, na husumbuliwa mara nyingi. Ganzi hiyo ni habari ya neva, si ishara kwamba kiungo kimetoka.

Pale kiungo kinaposhindwa

Kuna hali nyingine ambayo haina kelele wala maumivu makubwa, na kwa sababu hiyo hupuuzwa. Kwa wagonjwa wachache, kichwa cha taya hakijirekebishi bali huliwa: mfupa wake hupungua kidogo kidogo hadi kimo chake kikawa kifupi. Hali hii kwa kawaida huanza kudhihirika baada ya miezi sita, na huweza kuendelea hadi mwaka wa pili. Walio katika hatari zaidi ni wanawake vijana, wenye taya dogo lililorudi nyuma, waliosogezwa taya mbele kwa umbali mkubwa, na waliokuwa na ugonjwa wa kiungo kabla ya upasuaji.

Nilimhudumia mwanamke mmoja wa umri wa miaka 26, ambaye taya lake lilisogezwa mbele. Miezi mitatu ya mwanzo alikuwa salama kabisa. Baadaye aliacha kuja kliniki, kwa kuwa nauli ilikuwa kubwa na hakuwa na maumivu. Alirudi mwezi wa 14. "Daktari," aliniambia, "siku hizi siwezi kukata hata tambi kwa meno ya mbele." Meno ya mbele yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha kidole, na kidevu kilikuwa kimerudi nyuma. Picha zilionyesha vichwa vyote viwili vya taya vimepungua. Ilitubidi kungoja hadi ugonjwa utulie, kisha kupanga tiba upya tangu mwanzo.

Sehemu ya lawama ni yangu. Nilipomruhusu nilimwambia arudi akisikia maumivu. Sikumwambia arudi meno yakianza kuachana. Alifuata maagizo yangu kikamilifu, na maagizo ndiyo yaliyokuwa pungufu. Tangu siku hiyo nimebadili maneno ninayomwambia kila mgonjwa ninayemruhusu: mlio usikutishe, meno usiyapuuze.

Uchunguzi wa dakika tano katika zahanati

Mhudumu wa afya hahitaji mashine ili kuona kama kiungo kiko katika hali njema. Anahitaji mwanga, glavu, rula na kipande cha karatasi.

Kwanza, pima ufunguzi. Mwambie mgonjwa aweke vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia, ufunguzi wake unatosha. Kwa rula, milimita 35 hadi 40 au zaidi ni nzuri. Andika namba kila anapokuja; ufunguzi unaopungua kutoka ziara moja hadi nyingine una maana kubwa kuliko namba ya siku moja.

Pili, tazama njia ya kidevu. Simama mbele yake na umwambie afungue kinywa polepole. Kidevu kinashuka wima au kinakwenda upande? Kikienda upande mmoja daima, kiungo cha upande huo aghalabu ndicho kilichokwama.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tazama mkutano wa meno. Mwambie aume kwa meno ya nyuma kama anavyouma siku zote. Weka ukanda wa karatasi nyembamba kati ya magego, kulia kisha kushoto, aume, nawe uvute taratibu. Karatasi ikishikwa pande zote mbili, ni vema. Ikitoka bila kizuizi upande mmoja ambao hapo awali ulishika, kuna jambo limebadilika. Kisha tazama meno ya mbele: je, kumetokea mwanya ambao haukuwapo? Mstari wa kati wa meno ya chini umehama kutoka ule wa juu?

Nne, bonyeza kwa upole mbele ya masikio, na mwulize kama panauma na kama maumivu yanaongezeka wiki hadi wiki.

Nawashauri pia wagonjwa na ndugu zao kutumia simu. Siku ya kuruhusiwa piga picha tatu za meno yakiwa yameumana: mbele, kulia na kushoto. Rudia kila mwezi, kwenye mwanga ule ule. Picha sita zilizopangwa pamoja humwonyesha hata asiye daktari kama meno yameanza kuachana. Mgonjwa akiulizwa "je, meno yako yamebadilika?" huweza kusahau, maana mabadiliko ya polepole huzoeleka. Picha haisahau.

Nani apelekwe mbele, na wapi

Mpe rufaa bila kuchelewa mgonjwa ambaye meno yake yamebadili mkutano, ambaye ufunguzi wake unapungua, ambaye maumivu ya kiungo yanazidi badala ya kupungua, au aliyeanguka au kupigwa kidevuni. Homa, usaha, uvimbe unaokua upya, kinywa kisichofungika au shida ya kupumua ni dharura. Huyo asisubiri siku ya kliniki.

Rufaa si lazima ianzie Dar es Salaam. Mgonjwa wa Ngonga aanze kwa daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ikihitajika. Eksirei ya taya zima, na pengine sitiskani, zikilinganishwa na zile za baada ya upasuaji, hujibu maswali mengi. Katika barua andika tarehe ya upasuaji, taya lilisogezwa upande gani, mabadiliko yalianza lini, kipimo cha ufunguzi, na meno yapi yanagusana. Barua yenye mambo hayo matano humwezesha mpasuaji aliye mbali kuamua kama mgonjwa asafiri kesho au abaki nyumbani.

Kwa mgonjwa na mlezi

Katika wiki sita za mwanzo, chakula kisidai kutafunwa. Kyela haikosi vyakula vya namna hiyo: uji uliotiwa maziwa, mtindi, ndizi zilizopikwa na kupondwa, parachichi, supu ya samaki iliyochujwa miiba, na baadaye wali uliolainishwa. Kula kidogo kidogo mara nyingi, maana kupungua uzito kupita kiasi huchelewesha kupona. Muwa, mahindi ya kuchoma na mifupa visubiri hadi mpasuaji akuruhusu, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi.

Mazoezi ya kufungua kinywa yaanze siku uliyoelekezwa, yafanywe polepole mbele ya kioo, kidevu kikishuka wima. Usilazimishe. Unapopiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisipanuke ghafla. Usimruhusu mtu yeyote kulivuta au kulikanda taya ili "kulirudisha". Kiungo kinachojirekebisha kinahitaji mwendo wa upole, si nguvu.

Hudhuria kliniki hata ukiwa huumwi. Ratiba yangu ni wiki ya kwanza, ya pili na ya sita, kisha mwezi wa tatu, wa sita, wa 12 na wa 24. Ziara za mwishoni, ambazo wengi huziona hazina maana, ndizo hasa zinazogundua kichwa cha taya kinachopungua. Kama nauli haipatikani, muulize mpasuaji mapema ni zipi zinazoweza kufanyika Kyela au Mbeya, picha zikatumwa kwake.

Tulivyoamua barazani

Nilimkalisha yule binti penye mwanga na kumpima kama nilivyoeleza. Vidole vitatu viliingia bila shida. Kidevu kilishuka wima. Karatasi ilishikwa kulia na kushoto. Hapakuwa na maumivu nilipobonyeza, ijapokuwa "tak" niliisikia wazi. Bahati njema, kaka yake alikuwa amempiga picha siku aliyotoka hospitalini. Tulizitazama pamoja kwenye simu: meno yalikutana vile vile.

Nilimwambia kwamba chuma hakijalegea, na kwamba mlio ule ni wa kiungo kinachozoea makao mapya. Nauli ibaki nyumbani kwa sasa. Lakini niliwapa na sharti: picha kila mwezi, kipimo cha vidole kila wiki, na eksirei Mbeya atakapotimiza mwaka. Meno yakibadilika hata kama haumwi, safari ifanyike wiki hiyo hiyo.

Mama alimgeukia binti yake, akamwambia auonyeshe tena mtihani wa karatasi ili naye ajifunze. Walirudia mara tatu. Kisha alisimama, akasema "Ndaga fijo," akaenda kuangalia kakao yake kabla mvua haijarudi. Asubuhi yake nilipita zahanati, nikamwonyesha yule mhudumu mambo yale yale. Tulitumia dakika tano.